Muujiza, Ijazi au Kushinda Uwezo? Maoni juu ya Istilahi ya Kurani Kutokuwa na Mfano

Katika viunga vya Dar es Salaam neno "muujiza" hutumiwa kwa kazi mbili kwa wakati mmoja. Katika mitaa ya Tandika na Mbagala wilayani Temeke, na katika ile ya Mwananyamala na Tandale wilayani Kinondoni, bango la mkutano wa injili humwalika mpita njia aje kupokea muujiza wake, yaani aponywe maradhi, apate kazi, au afunguliwe shida iliyomlemea. Hatua chache kutoka hapo, katika muhadhara wa Kiislamu, mhadhiri husema kwamba Kurani ni muujiza. Yeye hana nia ya kusema kuwa kitabu hicho kinaunga mguu uliovunjika. Anakusudia kusema kwamba watu walitakiwa walete maneno mfano wa maneno hayo, wakashindwa, na kwamba kushindwa kwao ndio ushahidi.

Wasikilizaji wa vipaza sauti hivyo viwili ni jirani, huchota maji katika bomba moja, na lugha yao ni moja. Lakini neno moja limewapa dhana mbili, na mara nyingi mabishano yao huwa juu ya neno kabla hayajawa juu ya imani. Mkalimani wa mahakama, karani anayetafsiri barua ya kuombea kibali cha mkutano, na mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, somo linalofundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili, wote hukutana na tatizo hili. Mwanafunzi akiulizwa aeleze kwa nini Kurani huitwa muujiza, anaweza kujaza ukurasa mzima kwa habari za mambo ya ajabu yaliyomo katika visa vya mitume, asiguse kabisa jambo aliloulizwa. Si haki kumlaumu mwanafunzi kwa kosa lililomo katika istilahi.

Katika makala haya tunakusudia kuipima istilahi hiyo pamoja na nyingine mbili zinazopendekezwa badala yake, kisha tutoe maoni yetu. Kazi ya kusanifu istilahi nchini imeelekezwa zaidi kwenye utawala, sheria, sayansi na ufundi. Istilahi za elimu ya dini zimeachiwa zaidi wenyewe wenye dini. Sisi hatuingii katika hukumu ya imani. Kazi yetu ni kuuliza kama neno linabeba mzigo liliotwishwa.

Kwanza tuitazame dhana yenyewe. Wanazuoni wa Kiarabu huiita iʿjaz. Msingi wake ni aya zinazowataka wapinzani walete kitu kinachofanana na Kurani. Katika sura ya 52, aya ya 34, wanatakiwa walete mazungumzo mfano wake; katika sura ya 11, aya ya 13, walete sura kumi; katika sura ya 2, aya ya 23, na sura ya 10, aya ya 38, sura moja tu yatosha. Sura ya 17, aya ya 88, inasema kwamba hata wanadamu na majini wakisaidiana hawataweza. Mambo matatu basi yamo ndani ya dhana hii: mwito, wanaoitwa, na kushindwa kwao. Likikosekana moja, dhana imevunjika.

Ni vyema kukumbuka kwamba neno iʿjaz kwa maana hii halimo ndani ya Kurani, wala neno muʿjiza halimo. Kurani hutumia neno aya, yaani ishara. Neno hilo nalo lilipoingia katika Kiswahili lilibaki na maana ya fungu la maneno tu, hata leo mwalimu wa darasa la tano humwambia mtoto aandike insha yenye aya tatu. Iʿjaz ni istilahi ya wataalamu, nayo ilikomaa katika mijadala yao. Katika karne ya 10 al-Rummani na al-Khattabi waliandika vitabu juu yake. Al-Baqillani, aliyefariki mwaka 1013, aliandika kitabu mashuhuri kwa jina hilo. Na Abdulqahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 1078, aliifanya kuwa mlango wa kuingilia katika nadharia nzima ya ufasaha. Kwa hiyo tunachotafuta ni tafsiri ya istilahi ya kitaaluma, nayo inastahili uangalifu ule ule tunaoutumia tunapotafsiri istilahi ya sheria au ya tiba.

Mzizi wa neno hilo una maana ya kukosa uwezo. Mzizi huu si mgeni kwetu, kwani umeingia katika Kiswahili kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni neno "ajizi". Katika Kiarabu mwenye sifa hii ni yule asiyeweza. Katika Kiswahili amekuwa yule anayeweza lakini hataki, na methali yetu husema ajizi nyumba ya njaa. Mlango wa pili ni "ajuza", bibi kizee ambaye nguvu zimemwishia. Mlango wa tatu ndio huo wa "muujiza", ambao asili yake ni kitu kinachowafanya wengine wasiweze.

Maneno haya matatu ni ndugu wa tumbo moja, lakini msemaji wa Kiswahili hawaoni tena kuwa ni ndugu. Anaposikia "muujiza" hakumbuki mtu yeyote aliyeshindwa. Hukumbuka jambo la kustaajabisha. Tafsiri za Biblia ziliimarisha maana hiyo, kwani zililichukua neno hili kwa ajili ya matendo ya uponyaji na mengineyo yapitayo maumbile. Hatusemi kwamba zilifanya kosa. Neno lilikuwa la Waswahili wote, na kila aliyelihitaji alilitumia. Lakini matokeo yake ni kwamba wazo la mashindano limetoka ndani ya neno, na wazo la ajabu limekaa peke yake.

Hasara ya mabadiliko hayo inaonekana wazi zaidi katika vijitabu vinavyouzwa nje ya misikiti vikiwa na habari za "miujiza ya kisayansi ya Kurani". Mtindo huu wa uandishi ulipata nguvu duniani baada ya kitabu cha daktari Mfaransa Maurice Bucaille kilichotolewa mwaka 1976. Humo hoja haihusu tena utungaji wa maneno. Inahusu habari za mimba, nyota na bahari. Iwapo hoja hiyo ni sahihi au si sahihi, waiamue wataalamu wa elimu hizo na wa dini. Linalotuhusu sisi ni kwamba msomaji wa Kiswahili hana njia ya kutambua kuwa amehamishwa kutoka hoja moja hadi nyingine, maana neno limebaki lile lile. Istilahi isiyoweza kutenganisha hoja mbili haijafikia daraja ya istilahi.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kulichukua neno la Kiarabu lenyewe na kulivisha vazi la Kiswahili. Hapa tutaliandikaje? Sauti ya ʿayn haimo katika Kiswahili sanifu. Katikati ya neno mara nyingi tumeilipa kwa kurudufu irabu: ndiyo maana tuna "maana", "taarifa" na huo huo "muujiza". Kwa kipimo hicho tungeandika "iijazi". Lakini mwanzoni mwa neno, baada ya irabu i, mazoea yetu ni mengine. Tunasema "itikadi", "itikafu", "ilani" na "irabu", na yote hayo yalikuwa na ʿayn iliyomezwa bila kuacha alama. Basi "iijazi" inakwenda kinyume cha mazoea, na ulimi wa msemaji utaifupisha tu iwe "ijazi".

Na "ijazi" ina balaa lake. Katika elimu ya balagha kuna istilahi nyingine, ijaz isiyo na ʿayn, yenye maana ya kusema mengi kwa maneno machache. Al-Rummani mwenyewe, alipogawa ufasaha katika mafungu kumi, aliiweka hiyo kuwa fungu la kwanza. Mfasiri atakayeandika "ijazi" kwa zote mbili atajikuta anaandika kwamba ijazi ni sehemu moja ya ijazi. Aidha, wanafunzi wa vyuo vya Kurani wanalijua neno "ijaza", idhini anayopewa mwanafunzi na mwalimu wake aweze kufundisha, ambalo ni la mzizi mwingine kabisa. Maneno matatu yaliyo mbalimbali katika Kiarabu yatagongana mlangoni mwetu. Kukopa si aibu, na Kiswahili kimekopa sana kikanufaika. Lakini mkopo unaoleta ugomvi nyumbani ni heri kuuacha.

Pendekezo la tatu ni "kutoigika". Aghalabu huwajia wale wanaotafsiri kutoka Kiingereza, kwa kuwa istilahi ya Kiingereza imejengwa juu ya kitendo cha kuiga. Kisarufi neno hili ni safi, na lina sifa ya kueleweka mara moja. Hata hivyo lina kasoro mbili ambazo hatuwezi kuzifumbia macho.

Kasoro ya kwanza ni ya matumizi. Kuiga katika Kiswahili ni kufuata namna ya mwingine katika sauti, mwendo au tendo. Katika vyuo vya Temeke na Kinondoni watoto huiga kila siku: mwalimu hutamka, nao humfuatisha mpaka herufi na mivuto ya sauti zao ilingane na yake. Mashindano ya kuhifadhi na kusoma Kurani, ambayo yamepata kufanyika hata katika uwanja mkuu wa michezo wa taifa ulioko Temeke, yamejengwa juu ya uhodari wa kuiga. Tukimwambia mtoto huyo kwamba Kurani haiigiki, atatushangaa, kwani yeye amepewa zawadi kwa kuiga vizuri. Kinachokanushwa na wanazuoni ni kutunga kitu kilicho sawa nayo, na neno "kutoigika" haligusi kutunga.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya kitaaluma. Wanazuoni hawakukubaliana juu ya sababu ya watu kushindwa. Wengi walisema sababu imo ndani ya maneno yenyewe, katika namna yalivyopangwa. Al-Jurjani ndiye aliyeifafanua rai hii kwa undani. Lakini al-Nazzam, mwanazuoni wa Muʿtazila wa karne ya 9, amenukuliwa akisema kwamba watu waligeuzwa wasiweze, na lau wasingegeuzwa wangeweza kutunga mfano wake. Rai hii huitwa sarfa. Wengi waliikataa, lakini imo katika vitabu na haina budi kufundishwa. Sasa, "kutoigika" ni sifa ya kitu chenyewe. Mfasiri anayelitumia amekwisha kumtoa al-Nazzam barazani kabla hajasikilizwa. Atakapofika kwenye rai yake atalazimika kuandika kwamba, kwa maoni ya al-Nazzam, kutoigika kwa Kurani ni kuwa inaigika lakini watu wamezuiwa. Sentensi hiyo inajikanusha yenyewe. Istilahi ya mjadala isiwe ya upande mmoja wa mjadala.

Tunahitaji basi neno linalotaja kushindwa bila kutaja sababu yake, linalokumbusha kuwapo kwa mashindano, na linalokifanya kitu kuwa mtenda na watu kuwa watendwa. Tukiitazama lugha yetu tutaona kwamba neno hilo tunalo siku zote. Fundi aliyechoka na injini husema, "Kazi hii imenishinda." Mama huugulia kuwa mtoto amemshinda. Hatuulizi mara moja kama kosa ni la injini au la fundi. Linalotangazwa ni kwamba uwezo umefika ukomo. Muundo huu ndio hasa muundo wa kitenzi cha Kiarabu ambacho iʿjaz ni jina lake: jambo huwa kiima, mtu huwa yambwa, na maana ni kwamba jambo limemfanya asiweze. Hapa lugha mbili zisizo za ukoo mmoja zimekutana bila kuazimana.

Zaidi ya hayo, Waswahili tunayo mila ya kuitana na kujibizana kwa tungo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijulikana kwa kulumbana kwa mashairi mwanzoni mwa karne ya 19, na baadaye kurasa za magazeti ziliwapa washairi wa bara na pwani uwanja wa kujibizana. Anayejibu shairi hana budi kufuata bahari na vina vya mwenzake. Akishindwa, kila msomaji anajua kwamba ameshindwa na anajua ameshindwa katika jambo gani. Wanazuoni wa Kiarabu huuita utungo wa kujibu kwa jina la muʿarada. Mwalimu akianzia hapo, kwenye malumbano ya washairi, mwanafunzi ataifahamu dhana ya iʿjaz kabla hajafundishwa jina lake.

Hata hivyo neno "kushinda" peke yake halitoshi. Mtu hushinda nyumbani kutwa, timu hushinda mechi, na Juma humshinda Ali kwa urefu. Tukisema "ushindi wa Kurani" tutakuwa tumehamia kwenye habari za vita au za kandanda. Lazima neno lipewe yambwa yake. Tunapendekeza kirai "kushinda uwezo", na pale panapohitajika ukamilifu, "kushinda uwezo wa viumbe". Tumechagua "viumbe" kwa makusudi badala ya "wanadamu", kwa sababu sura ya 17 tuliyoitaja imewajumuisha majini pia.

Yumkini atatokea wa kusema kwamba kirai hiki ni kirefu, na kwamba istilahi nzuri ni neno moja. Ufupi ni sifa njema, lakini hauji mbele ya usahihi. Sheria zetu zimejaa istilahi za maneno mawili na matatu, na hakuna hakimu aliyelalamika. Mwingine atasema kwamba watu wamekwisha kuzoea "muujiza wa Kurani". Sisi hatutaki kulinyang'anya jamii neno lake. Muujiza libaki kuwa jina la tukio au kitu kinachohesabiwa kuwa ishara ya utume. Kushinda uwezo kuwe jina la hoja inayokifanya kitu hicho kihesabiwe hivyo. Kwa njia hii mhadhiri ataweza kusema kwamba Kurani ni muujiza kwa kuwa inashinda uwezo wa viumbe, na msikilizaji, awe Mwislamu au Mkristo, atajua ni dai gani analotakiwa alikubali au alikatae.

Istilahi hii haisimami peke yake, na yako maneno ya jirani yanayohitaji tahadhari. Mwito wenyewe, ambao kwa Kiarabu huitwa tahaddi, wapo watakaovutwa kuutafsiri kwa neno "changamoto". Tunawaonya. Neno hilo lilipoanza kuenea lilibeba wazo la kitu kinachoamsha bidii. Siku hizi katika ripoti za ofisi limekuwa jina la adabu la tatizo. Msomaji atakayeambiwa kwamba Kurani ilitoa changamoto kwa Waarabu anaweza kudhani iliwaletea matatizo ya bajeti. "Mwito wa kushindana" ni wazi zaidi.

Hali kadhalika istilahi ya nadhm katika maandishi ya al-Jurjani, yaani namna maneno yanavyoshikana kwa mujibu wa maana na sarufi, isitafsiriwe kwa neno "nudhumu" wala kitenzi "nadhimu". Katika Kiswahili kunadhimu ni kutunga shairi. Mfasiri atakayeandika kuwa siri ya Kurani imo katika nudhumu yake atakuwa ameifanya Kurani kuwa shairi, jambo ambalo Kurani yenyewe inalikana katika sura ya 36, aya ya 69, na sura ya 69, aya ya 41. "Mpangilio wa maneno" unatosha.

Mwisho wa yote ni neno "tafsiri". Kiarabu hutenga tarjama, kuhamisha maneno kutoka lugha hadi lugha, na tafsir, kufafanua maana. Kiswahili kimelipa neno "tafsiri" kazi ya kwanza. Padri Godfrey Dale wa Unguja alitumia neno hilo katika jina la kitabu chake kilichochapwa London mwaka 1923. Ikafuata tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiya iliyotolewa Nairobi mwaka 1953, kisha ile ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy iliyokamilika mwaka 1969. Sheikh Ali Muhsin Barwani, katika kazi yake ya mwaka 1995, aliyatumia maneno yote mawili, tarjama na tafsiri, katika jina moja la kitabu, kila moja kwa maana yake ya Kiarabu. Msomaji wa kawaida hana budi kusimama hapo na kujiuliza.

Vitabu hivyo vinatufundisha jambo linalohusu mada yetu moja kwa moja. Baadhi ya vile vilivyofuata vilikuwa, kwa kiasi fulani, jawabu kwa vilivyotangulia. Tafsiri hujibiwa kwa tafsiri, husahihishwa, hushindana na hushindwa. Matini ya Kiarabu, kwa mujibu wa wanaoiamini, haimo katika mashindano hayo. Ndiyo maana wafasiri wengi Waislamu hukataa kuiita kazi yao Kurani, na huiita maana yake tu. Tofauti hiyo ni tunda la dhana tunayoizungumzia, na mwanafunzi asiyepewa neno sahihi hataiona.

Kwa muhtasari tunapendekeza kwa walimu, wafasiri na watumishi wa umma istilahi hizi: kushinda uwezo kwa iʿjaz, muujiza kwa muʿjiza, mwito wa kushindana kwa tahaddi, utungo wa kujibu kwa muʿarada, ufupi wa maneno kwa ijaz, mpangilio wa maneno kwa nadhm, na rai ya kugeuzwa kwa sarfa. Zijaribiwe madarasani na katika mihadhara, kwani istilahi hupimwa midomoni mwa watu na si mezani pa kamati. Iwapo mwalimu wa Mbagala ataona kwamba wanafunzi wake wanajibu swali vizuri zaidi kwa neno jingine la Kiswahili, basi neno hilo lina haki ya kusikilizwa kuliko letu. Masharti yetu ni mawili tu: lisiufute mwito, na lisimhukumu mtu yeyote kabla hajasema.